Gari la Gasper Halishuki Bei

Wiki nzima mmenisimamisha njiani. Sokoni, stendi, mpaka kwenye foleni ya maji, swali ni lile lile: mzee Gasper alisaini au hakusaini?

Hakusaini!

Kalamu ilikuwa mkononi, mkataba uko mezani, na milioni tisa na nusu za Ashraf, mnunuzi, zimepangwa juu ya kitambaa cha kufuma. Ndipo simu ilipolia. Gasper akaipokea, akasikiliza, akasema "enhe" mara tatu, kisha akaiweka kalamu chini taratibu.

"Ashraf mwanangu, samahani sana. Gari imepanda bei."

"Imepanda saa ngapi, mzee? Mimi nimekaa hapa dakika kumi!"

"Ndani ya hizo hizo kumi."

Elizabeti, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Nusura limponyoke.

Kwa wewe uliyeazima gazeti la jirani leo, nikuweke sawa. Elizabeti ana mgahawa pale karibu na maegesho ya malori, Tunduma, miaka kumi na tisa sasa. Kiwanja ni cha mzee Abdulwahab, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, naye anakiuza. Kwa heshima ya ugali aliokula pale, alimpa Elizabeti nafasi ya kwanza. Mama wa watu ameshalipa milioni kumi na mbili. Zimebaki tisa, na mwisho ni kesho Ijumaa, kabla ya swala ya adhuhuri. Zikikosekana, anarudishiwa kumi na mbili zake na sufuria zake zinatolewa nje.

Kitu pekee nyumbani mle ambacho kingeleta milioni tisa kwa haraka ni gari la Gasper, bwana shamba mstaafu. Na Gasper mwenyewe ndiye aliyesema, "Tuuze gari, mke wangu." Jumatatu aliliwekea bei ya nane. Jumanne tisa. Jumatano tisa na nusu. Leo Alhamisi ndiyo hayo mnayoyaona.

Gari lenyewe sasa! Lilitengenezwa Japani mwaka aliozaliwa binti yao Loisi, na Loisi ana mume na watoto wawili. Ni namba A, yaani lilisajiliwa enzi zile ambazo vijana wa leo walikuwa wananyonya. Mlango wa nyuma hufunguliwa kwa nje tu. Kioo cha dereva hupandishwa kwa kiganja. Taa ya injini inawaka tangu mwaka wa kwanza, na Gasper husema hiyo ni dalili kwamba injini ipo. Majirani wameliita Bi Mkubwa, kwa hiyo Elizabeti amekuwa bi mdogo ndani ya nyumba aliyoingia wa kwanza.

"Mzee," Ashraf alisema akijizuia, maana ni kijana aliyelelewa, "mwaka elfu mbili na saba uliinunua sita na nusu. Umeiendesha miaka kumi na nane. Leo nakupa tisa na nusu, na bado unakataa?"

"Ashraf, wewe una malori mawili, usijifanye hujui. Nenda kaagize Japani uone. Kule gari ni bei ya ng'ombe wachache. Ikipanda meli, bei inapanda. Ikishuka bandarini, bei inapanda. Unalipa ushuru, unalipa kodi, halafu unalipa kodi nyingine kwa sababu gari imezeeka! Dola nayo haikai. Ikifika hapa, kikongwe ana bei kuliko kijana. Sasa hii yangu imeshalipiwa hayo yote. Na spea zake? Hata kule kijijini Mbangala, kwenye duka la chumvi na sabuni, utapata plagi zake."

Lo! Uongo haumo humo, na hilo ndilo linaloudhi. Magari mapya yanapita Tunduma kila siku yakienda Zambia na Kongo, karatasi kwenye vioo, na sisi wenyeji tunayaangalia kama harusi tusiyoalikwa. Tunabaki kunyang'anyana haya ya kina Gasper.

Ashraf alirudisha hela kwenye mfuko, burungutu kwa burungutu. "Mama Loisi, mke wangu Sabra anasubiri gari ya kwendea kazini. Nikipata nyingine leo, mimi simo."

Akaondoka. Elizabeti akaliweka sinia mezani kwa kishindo.

"Baba Loisi, umerogwa? Kesho ni Ijumaa!"

"Ijumaa ipo kila wiki, mke wangu."

"Kiwanja hakipo kila wiki! Nani amepiga simu?"

"Ishaka. Ana mtu wa milioni kumi na moja."

Ishaka! Dalali asiye na ofisi, asiye na gari, asiye na hata baiskeli, lakini simuni mwake ana picha za magari mia mbili ya watu. Elizabeti alipolisikia jina hilo alisonya. Hata hivyo kumi na moja ni kumi na moja. Akainuka, akafagia uwanja, akaomba Mungu kimoyomoyo.

Saa nane mchana Ishaka akaingia na mteja wake. Kijana mpole anaitwa Dennis, kutoka Mbozi Mission, hela ya kahawa imejaa mfukoni, na Jumamosi anafunga ndoa. Alilizunguka Bi Mkubwa mara moja tu, akapiga tairi teke kwa kuwa ameona watu wanapiga, akasema:

"Nimeridhika. Nachukua."

Jamani, kijana huyu alilelewa na nani? Gari halinunuliwi hivyo! Kwanza unalitukana. Unasema limechoka, linavuja, linanuka. Mwenye gari anaumia, anaapa kwa marehemu mama yake. Unaondoka mpaka getini, unaitwa, unarudi. Ukikubali bila hata kukunja uso, mwenye mali halali usingizi mwaka mzima akijiuliza ameibiwa kiasi gani.

Gasper akamkazia macho. "Mbona huombi nikupunguzie?"

"Nipunguziwe nini, mzee wangu? Tulishaelewana na kaka Ishaka. Milioni kumi na mbili, keshi."

Ishaka akaanza kukohoa.

"Kumi na ngapi?" Gasper aliuliza.

"Mbili."

"Ishaka! Mimi uliniambia kumi na moja!"

"Mzee wangu, tulia, hiyo moja ni cha juu," Ishaka alisema akipangusa jasho. "Dalali anakula cha juu, ndiyo mshahara wake. Mimi nina watoto, mzee!"

Mtu mwenye akili timamu angemtukana Ishaka dakika mbili, kisha angepokea hela zake. Elizabeti alikuwa tayari amenyoosha mkono kuzipokea. Lakini macho ya Gasper yaling'aa, na mkewe akajua kwamba mambo yameharibika tena.

"Kumbe gari yangu ina thamani ya kumi na mbili na mimi nimekaa kama mjinga! Na kama kijana huyu hajalalamika kwa kumi na mbili, basi thamani yenyewe iko juu zaidi. Kumi na tatu na nusu!"

"Baba Loisi!"

"Niache, mama. Hii ni biashara."

Dennis wa watu akatazama chini. Akasema kwa adabu kwamba lazima aongee na wajomba zake, akatoka akifuatwa na Ishaka anayelia kwa sauti ya chini.

Elizabeti aliingia jikoni, akalia pia. Alilia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Miaka kumi na tisa ya moshi machoni, halafu mtu anacheza bao na riziki yako! Alipomaliza kulia alinawa uso, akajitanda kanga, akaenda dukani kwa mzee Abdulwahab.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, Mama Loisi. Umekuja na tisa?"

"Nimekuja kuomba mpaka Jumatatu."

Abdulwahab akatikisa kichwa pole pole. "Ahadi yangu ni kesho adhuhuri. Nikisema Ijumaa, siwezi kugeuka nikasema Jumatatu. Na kuna mtu ananisumbua kila siku, yeye ana hela taslimu, anataka kiwanja hicho afungue yadi."

"Yadi ya nini?"

"Ya magari. Anasema siku hizi hakuna biashara kama magari ya mtumba."

Elizabeti akapiga meza ya duka kwa kiganja. Mgahawa wake uvunjwe ili wapangwe kina Bi Mkubwa! Uchungu ukamsukuma kusema asichokikusudia.

"Hela ipo, mzee wangu! Nakuapia. Gari yetu imefika milioni kumi na tatu na nusu, ni suala la siku mbili tu!"

Abdulwahab akaacha kuhesabu misumari. "Lile la namba A? Ambalo mlango unafungwa kwa teke?"

"Hilo hilo."

"Na mwanzo wa wiki lilikuwa ngapi?"

"Nane."

"Nane mpaka kumi na tatu na nusu. Kwa wiki moja." Mzee alisema hayo polepole, macho yametazama mbali. Elizabeti alidhani anamwonea huruma. Akashukuru, akaondoka. Maskini, hakujua alichokipanda.

Ijumaa asubuhi, Gasper akiwa nje anaosha Bi Mkubwa, Elizabeti alikata shauri. Liwalo na liwe, atauza yeye! Kadi ya gari alijua ilipo. Gasper huificha ndani ya Biblia, kwenye Mambo ya Walawi, mahali anapoamini hakuna mtu atakayefungua. Akaitoa kwenye mfuko wa nailoni. Akaisoma. Akaisoma tena.

Jina la mmiliki: Elizabeti Siwale.

Akakaa kitandani. Mwaka ule Gasper hakuwa na namba ya mlipakodi. Yeye Elizabeti alikuwa nayo, ya mgahawa. Aliletewa karatasi jikoni, akaambiwa "tia sahihi hapa, mama, ni mambo ya gari," akatia sahihi mkono mmoja ukiwa kwenye mwiko. Miaka kumi na nane amekuwa tajiri wa gari na anakwenda sokoni kwa bodaboda!

Hakuaga. Alitokea mlango wa nyuma, moja kwa moja mpaka kwa Ashraf. Ashraf aliisoma kadi, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kwa hiyo juzi na jana nilikuwa nabembeleza mtu asiye na gari?"

"Ashraf baba, unayo bado ile tisa na nusu?"

"Ninayo. Bei yangu ni ile ile, Mama Loisi, mimi homa ya mzee haijanipata. Twende nikaichukue, hela utapewa gari ikiwaka."

Walifika nyumbani saa tano na nusu. Uwanja ulikuwa mtupu. Pale alipokuwa Bi Mkubwa palibaki doa la oili na ndoo ya maji ya sabuni.

Gasper alitoka ndani amevaa shati la harusini, mikono ameitanua.

"Mke wangu, nimeuza! Yule kijana wa Mbozi amerudi asubuhi hii. Kumi na tatu na nusu, bila kupungua hata mia!"

Moyo wa Elizabeti uliruka. Alimkumbatia mumewe mbele ya Ashraf, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu yeyote. Kumi na tatu na nusu! Toa tisa, na chenji inabaki!

"Ziko wapi, Baba Loisi? Lete nikimbie, saa zinakwenda!"

"Ziko kazini."

"Kazini wapi?"

Gasper akatoa simu, akamwonyesha picha. Gari la rangi ya fedha, namba D ya miaka ya karibuni, limepigwa jua mahali fulani Dar es Salaam. "Ishaka ameileta hii. Kumi na sita. Nimetanguliza kumi na tatu na nusu zote, ameshapanda basi kwenda kuifuata. Wiki ijayo naiuza kumi na nane! Hela ikikaa inaoza, mke wangu, gari haiozi."

"Umenunua picha," Elizabeti alisema.

"Nimenunua gari!"

"Umeiona?"

"Si hii hapa?"

Ashraf hakungoja zaidi. Alikaza mfuko wake kwapani, akasema "mbarikiwe," akaenda zake na tisa na nusu yake.

Elizabeti alimtazama mume wake na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alitamani kumpiga na ndoo. Badala yake alimnyooshea kadi. "Soma jina."

Gasper akasoma. Shati la harusini likaanza kulowa mgongoni. "Lakini... yule kijana nimemwandikia karatasi mbele ya mjumbe. Nimemwambia kadi atapata mchana."

"Umemuuzia gari ya nani?"

Kabla hajajibu, simu ya Elizabeti ikaita. Alikuwa Violet, mtoto wa dada yake kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anayemsaidia mgahawani.

"Mama mdogo, mbona Bi Mkubwa yuko hapa kwetu?"

"Bi Mkubwa yuko Mbozi, wewe. Kauzwa."

"Awe, siyo! Yuko hapa mlangoni, mzee Abdulwahab anamfuta vumbi kwa leso."

Elizabeti alimnyang'anya mumewe kadi, akadandia bodaboda bila kuuliza nauli.

Kweli, Bi Mkubwa alikuwa pale, ameziba mlango wa mgahawa. Abdulwahab, kanzu nyeupe, kofia kichwani, tayari kwa msikiti, alikuwa anamtazama kama mtu aliyepata mtoto uzeeni.

"Mama Loisi! Njoo uone. Jana uliniambia maneno, sikulala. Nane mpaka kumi na tatu na nusu kwa wiki! Mimi nina viwanja miaka thelathini, havijawahi kunifanyia hivyo. Asubuhi namwona kijana anajaza mafuta, namwambia nakupa kumi na tano. Akashuka hapo hapo. Anasema atakodi gari ya harusi, na faida ataongeza ng'ombe wa pilau."

"Umemlipa?"

"Zote. Imebaki kadi tu. Amesema iko nyumbani kwenu."

Elizabeti akaifungua kadi, akamwonyesha jina. Hakuiachia.

Mzee alisoma, akavua miwani, akaivaa tena. Ni mfanyabiashara, hakuhitaji kuelezwa. Gari la milioni kumi na tano bila sahihi ya mama huyu ni bati la kufugia kuku.

"Hukumuuzia mtu," alisema.

"Sikumuuzia mtu, mzee."

Abdulwahab alitazama saa yake. Ng'ambo ya barabara, kwenye ngazi za msikiti, alisimama mwanamume mnene na mkoba mweusi. Alikuwa yule mwenye kutaka kufungua yadi.

"Basi sikiliza, Mama Loisi. Tusipelekane polisi, sisi ni watu wa ugali mmoja. Nitilie sahihi, unipe kadi, na ile tisa iliyobaki naifuta. Kiwanja ni chako sasa hivi, kabla ya swala. Sema ndiyo, Violet awe shahidi."

Violet akapiga kigelegele kutoka jikoni. Ndiyo hicho, wasomaji wangu! Ndicho alichokililia, ndicho alichokiombea, kimeletwa mpaka mlangoni. Neno moja tu.

Elizabeti akalitazama lile gari. Jumatatu nane. Jana kumi na tatu na nusu. Leo kumi na tano, na hata adhuhuri haijafika.

"Tisa?" alisikia mdomo wake ukisema. "Mzee wangu, gari ni ya kumi na tano. Futa tisa, halafu unirudishie sita."

Kigelegele cha Violet kilikatika.

"Mama Loisi, mimi nimeshatoa kumi na tano kwa yule kijana! Unataka niinunue mara mbili?"

"Hayo ni yako na Dennis. Mimi nauza kadi yangu."

Adhana ikaanza. Abdulwahab alimtazama mama huyu aliyempikia miaka kumi na tisa kana kwamba hamjui. Hakugombana. Aliikunja leso yake, akaitia mfukoni, akavuka barabara.

Hapo ndipo akili ilipomrudia Elizabeti. "Mzee! Mzee, ngoja, nakubali!" aliita, lakini lori la Kongo lilikuwa linapita na honi yake ikazifunika sauti zote. Lilipomaliza kupita, mwenye mkoba mweusi alikuwa ameshamshika mzee mkono, na mkoba wa hela ulikuwa wazi.